Nani Alimchora Ndumilakuwili?

Muulize Mtanzania yeyote aliyetimiza miaka 40 kwamba Lodi Lofa ni nani, atacheka kabla hajakujibu. Atakwambia ni yule bwana wa mbwembwe nyingi na mfuko mtupu. Mtajie Madenge, atakupa kichekesho cha Madenge na mwalimu wake hapo hapo, tena kwa sauti mbili. Mtajie Ndumilakuwili, atakuonya usimkopeshe hela. Sasa muulize swali moja zaidi: nani aliwachora hao watu? Hapo kicheko kinakatika. "Si walikuwa kwenye Sani?" Ndiyo, walikuwa kwenye Sani. Lakini gazeti halishiki kalamu.

Swali hili nimekuwa nikiwauliza watu kwa muda sasa, wakiwemo walimu wa fasihi wanaoweza kukutajia mwaka wa kila riwaya ya Shaaban Robert. Jibu ni lile lile. Mhusika wanamjua, mchoraji hawamjui. Mwandishi wa riwaya hatumfanyii hivyo. Hata riwaya ya vijisenti ya upelelezi, jina la aliyeiandika tunalikumbuka.

Nadhani naijua sababu, na ndiyo ninayotaka kuieleza hapa. Wahusika wetu wa katuni waligeuka kuwa ngano ndani ya muda mfupi mno, pengine miaka 10 tu. Na ngano ina tabia ya kummeza mtunzi wake. Kwa mhusika hiyo ni bahati kubwa, maana anaishi. Kwa mchoraji ni hasara, na hasara hiyo bado inaendelea mpaka leo.

Kabla ya Sani

Tuanze mbali kidogo. Serikali ya kikoloni ya Tanganyika ilianzisha Mambo Leo mwaka 1923, gazeti la kila mwezi la Kiswahili lililochapishwa Dar es Salaam. Nakala moja ilisomwa na wengi, na wasiojua kusoma walisomewa. Ilipofika miaka ya 1950, magazeti ya Kiswahili ya Afrika Mashariki yalikuwa yameshazoea vichekesho vya picha, fremu kwa fremu, na wafanyabiashara nao wakaona njia. Tangazo la majarini likachorwa kama hadithi, bidhaa ikaingia fremu ya mwisho kama mganga wa shida zote.

Nairobi kulikuwa na gazeti la Tazama. Humo ndimo Edward Gitau alimoanza kumchora Juha Kalulu katika miaka hiyo ya 1950, kabla mhusika huyo hajahamia Taifa Leo. Liangalie jina lenyewe. Juha ni mpumbavu, na ni jina tulilopokea pamoja na hadithi za Waarabu. Kalulu ni sungura kwa Kinyanja na lugha nyingine za kusini kwetu. Katika ngano za Kibantu sungura ndiye mjanja wa wajanja, anayewapiga chenga simba na fisi. Gitau akayaunganisha majina mawili yasiyopatana, akapata mtu anayejiona mjanja kumbe hamnazo. Jina peke yake ni kichekesho.

Dar es Salaam, gazeti la TANU, Uhuru, lilianza mwaka 1961. Baadaye katika muongo huo huo likampata Chakubanga, mkono wa Christian Gregory. Chakubanga alikuwa mtu wa mtaani katika gazeti la chama. Utamsoma waziri ukurasa wa mbele, kisha utamtafuta Chakubanga ndani, na wengi walianzia kwa Chakubanga. Wazee walioishi Dar es Salaam wakati huo bado wanalitumia jina lake kumtania mtu.

Angalia tena: Juha Kalulu, Chakubanga, baadaye Lodi Lofa na Ndumilakuwili. Majina haya hayahitaji utangulizi. Ukilisikia tu unajua ni mtu wa namna gani. Ndumilakuwili ni nyoka wa vichwa viwili, anauma huku na huku, na Waswahili walilitumia neno hilo kwa mnafiki muda mrefu kabla ya gazeti la Sani. Mchoraji alilichukua kutoka kwenye methali, akalivalisha suruali. Hapo mbegu ya ngano ilikuwa imeshapandwa. Ukichukua jina la umma, umma utakuja kulidai.

Darasa la picha Ziwa Magharibi

Mimi ni mtu wa Keza, Ngara, kusini-magharibi mwa Kagera, upande ambao ukipanda kilima kirefu unaona Burundi na Rwanda. Nyumbani tunasema Kishubi, na majirani zetu Kihangaza. Kiswahili tulikipata shuleni na barabarani. Kwa hiyo ninapoizungumzia historia ya katuni siwezi kuizungumzia kama mtoto wa Kariakoo aliyenunua gazeti kwa muuzaji. Kwetu picha ilifika kwa njia nyingine, na njia hiyo ni sehemu ya hoja yangu.

Kabla ya vichekesho, picha zilikuja na kisomo. Mwaka 1967 takribani theluthi mbili ya watu wazima wa Tanzania hawakujua kusoma na kuandika. Mwaka 1968 ulianza mradi wa majaribio wa kisomo chenye manufaa, ukisaidiwa na UNESCO, makao yake yakiwa Mwanza, katika mikoa minne ya kanda ya ziwa: Mwanza, Shinyanga, Mara na Ziwa Magharibi. Ziwa Magharibi ndiyo Kagera ya leo, jina lilibadilishwa baada ya vita vya 1978 na 1979. Vitabu vya kisomo hicho vilifuata kazi za watu: pamba kwa wakulima wa pamba, migomba kwa wakulima wa migomba, uvuvi kwa wavuvi. Na vilikuwa na michoro. Mwaka 1973 ikaja kampeni ya Mtu ni Afya, vikundi vikikaa kuzunguka redio na vijitabu mkononi, na mwaka 1975 Chakula ni Uhai. Mwaka 1974 kanda ya ziwa ikapata gazeti lake la vijijini, Elimu Haina Mwisho. Ilipofika 1986, kwa hesabu za serikali, wasiojua kusoma walikuwa wamebaki chini ya 10 katika kila watu wazima 100.

Huwa tunaisimulia kampeni hiyo kama habari ya herufi tu. Lakini mtu mzima aliyekaa chini ya mwembe na kitabu cha migomba alijifunza mambo mawili kwa pamoja. Alijifunza kwamba alama fulani ni sauti ya "a". Akajifunza pia kwamba mistari michache ya wino ni mtu, kwamba mtu mdogo kwenye picha yuko mbali wala si mtoto, kwamba picha ya pili ni baada ya ya kwanza. Hayo hayaji yenyewe, hufundishwa. Sani ilipoanza ilikuta nchi nzima ya wasomaji wapya waliofundishwa kuisoma picha wakiwa na umri wa kuoa.

Na tukumbuke kwamba michoro ile ya migomba na choo bora haikuwa na jina la mchoraji. Kitabu kilikuwa cha serikali. Tangu mwanzo, basi, msomaji wa kijijini alizoea kwamba maneno yana mwenyewe na picha haina.

Watu wa Sani

Gazeti la Sani lilizaliwa mwishoni mwa miaka ya 1970, kazi ya Saidi Bawji na Nico ye Mbajo. Halikuanza kwenye jangwa. Magazeti ya hadithi za picha za kupiga kamera yalikuwa yanagombaniwa. Lile la African Film lenye Lance Spearman na kofia yake lilisomwa kote Afrika Mashariki, na nyumbani Faraji Katalambula, mwandishi wa Simu ya Kifo, alikuwa na Film Tanzania. Lakini kamera ina gharama: waigizaji, filamu, nguo, gari la kukimbizana. Mchoraji mwenye wino na karatasi anaweza kuangusha ndege kwenye fremu moja bila kumlipa rubani. Tena huo ulikuwa wakati wa uchumi uliolegea baada ya vita, bidhaa zikiadimika madukani. Mchoro ulikuwa sinema ya nchi isiyo na hela.

Mchoraji aliyewapa uhai wahusika wakubwa wa Sani ni Philipo Ndunguru. Jina hilo naomba ulisome mara mbili. Ndiye anayetajwa kama baba wa Ndumilakuwili, Lodi Lofa, Kipepe na Madenge. Alifariki katikati ya miaka ya 1980 akiwa bado kijana.

Kisha ikatokea nini? Hakikutokea kitu, na hapo ndipo penye jambo. Toleo lililofuata lilitoka. Lodi Lofa alikuwemo, na mbwembwe zake. Ndumilakuwili aliendelea kukopa na kukimbia. Madenge alibaki darasa lile lile, kwa umri ule ule, akimtoa mwalimu jasho. Mikono mingine iliwachukua. Katika miaka ya 1980 na 1990 magazeti haya ya burudani yalipita kwenye mikono ya wachoraji wengi, watu kama John Kaduma, Noah Yongolo na Ibra Washokera, na kila mmoja anastahili makala yake mwenyewe. Msomaji wa kawaida hakuona mshono.

Kwa nini hakuuona? Sababu moja ni ya ufundi. Mhusika wa katuni hujengwa kwa alama chache zinazorudiwa: kofia, tumbo, aina ya viatu, nywele. Alama hizo ndizo zinazomfanya atambulike hata akichorwa kwa ukubwa wa kidole gumba na kuchapwa kwenye karatasi mbovu. Lakini hizo hizo ndizo zinazomfanya aigike. Mchoraji akimjenga mhusika vizuri sana, anakuwa amewarahisishia watakaomrithi. Sababu ya pili ni ya mezani: gazeti lilikuwa na mwenye gazeti, na mhusika alihesabika mali ya gazeti. Mchoraji alikuja, akalipwa kwa ukurasa, akaondoka. Mhusika alibaki ofisini.

Vipande

Sababu ya tatu ndiyo ya kwetu, na sijaiona ikiandikwa.

Keza hatukuwa na duka la magazeti. Mji wa kuaminika kwetu ulikuwa Rulenge, kwenye misheni, na mbali zaidi Ngara mjini. Sani ilikuja na watu. Ilikuja na mwanafunzi aliyerudi likizo kutoka bweni, na askari aliyehamishwa, na tingo wa malori yaliyokuwa yanapita Lusahunga kwenda Rusumo na Kabanga. Baada ya Aprili 1994, wakimbizi wapatao 250,000 walipovuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda ndani ya kama siku moja, wilaya yetu ilijaa magari, maturubai na biashara. Benaco, mahali palipobeba jina la kampuni ya barabara, pakawa mji wa ghafla. Magazeti nayo yakaongezeka, lakini yalifika yakiwa yamechoka, yamesomwa na watu 20 kabla yetu.

Hatua ya mwisho ya gazeti ilikuwa kufungia vitumbua. Sisi wasomaji wadogo tulisubiri hapo. Unanunua kitumbua kwa ajili ya karatasi. Mafuta yakipita katikati ya uso wa Lodi Lofa unaiweka juani ikauke. Nilikuwa na rafiki aliyekusanya vipande hivyo ndani ya daftari la hesabu, akavipanga apendavyo, akatunga mwenyewe kilichokosekana katikati. Hadithi ilianza kwenye kipande cha toleo la mwaka huu, ikaisha na kipande cha miaka mitatu nyuma, na darasa zima likaamini ni hadithi moja.

Pale tulijifunza Kiswahili ambacho hakikuwa kwenye kitabu cha darasa la tano. "Mshiko" nililijua kutoka kwenye kipande cha kitumbua kabla sijamsikia mtu yeyote akilitamka. "Mshikaji" hali kadhalika. Mwalimu alisahihisha "mshiko" kwa wino mwekundu. Tulizifahamu foleni za Dar es Salaam, wenye nyumba wa Manzese na makondakta wa daladala bila kutoka wilayani kwetu. Mtu anayetaka kujua Kiswahili cha mjini kilienea vipi hadi mipakani, redio ni nusu ya jibu. Nusu nyingine ilikuwa na madoa ya mafuta.

Lakini angalia kilichopotea njiani. Majina ya wachoraji hukaa wapi? Ukurasa wa kwanza wa hadithi, chini ya kichwa, au kwenye ukurasa wa wahariri. Jalada na ukurasa wa mwanzo ndizo karatasi zinazochanika kwanza. Sahihi hukaa kwenye kona ya fremu ya mwisho, na kona ndiyo inayolowa. Kilichofika Keza kilikuwa katikati ya hadithi: mhusika bila mwanzo, bila mwisho na bila mwenyewe. Kwetu Ndumilakuwili alifika akiwa tayari ni ngano.

Waliobaki na majina yao

Haikuwa lazima iwe hivyo. Tazama mifano michache ya jirani.

Gitau alimchora Juha Kalulu mwenyewe kwa zaidi ya miaka 50. Hakumwachia mtu kalamu, na Wakenya walimjua mtu na mhusika kama pete na kidole.

Edward Saidi Tingatinga, aliyezaliwa upande wa Tunduru, alipaka picha zake Dar es Salaam kwa miaka michache tu kabla ya kuuawa kwa risasi ya polisi mwaka 1972. Jamaa na wanafunzi wake waliendelea kupaka kwa mtindo wake, na mwaka 1990 wakaunda chama cha ushirika. Hapa mambo yamepinduka kabisa. Kwa Ndunguru, mhusika alilimeza jina la mchoraji. Kwa Tingatinga, jina la mchoraji lilimeza kazi za wote waliomfuata. Mtalii akinunua picha ya chui yenye madoadoa anasema amenunua "tingatinga", hata kama aliyeipaka alizaliwa miaka 20 baada ya kifo cha mwenyewe. Kwa hiyo umma unaweza kukumbuka jina la mchoraji, ila inategemea ni jina gani lililobandikwa sokoni.

Nenda sasa magharibi, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, hadi Lubumbashi, ambako Kiswahili ni lugha ya mitaani kama Dar es Salaam. Huko Tshibumba Kanda Matulu, katika miaka ya 1973 na 1974, alipaka historia ya Zaire kwa mfululizo wa picha takribani 100, kuanzia wakoloni, Lumumba, Katanga, hadi wakati wake, akizieleza kwa Kiswahili cha kwao kwa mwanaanthropolojia Johannes Fabian, aliyekuja kuzichapisha kitabuni mwaka 1996. Si katuni za gazeti, lakini ni picha mfuatano zenye maandishi ndani, na anayefuata mpangilio wake anasoma hadithi. Tshibumba alijiita mwanahistoria, na jina lake aliliandika juu ya picha, ndani ya picha, pale ambapo huwezi kulikata bila kuiharibu. Yeye mwenyewe alipotea machoni pa watu tangu mwanzo wa miaka ya 1980. Jina limebaki.

Halafu kuna Godfrey Mwampembwa, yaani Gado, mzaliwa wa Dar es Salaam mwaka 1969, aliyehamia Nairobi mwaka 1992. Mwaka 1996 kampuni changa ya Sasa Sema ya Nairobi ilitoa kitabu chake cha hadithi za picha, Abunuwasi. Mfano huu unanivutia kuliko yote. Abunuwasi ni ngano iliyokamilika. Alianza akiwa mshairi wa kweli wa Baghdad, Abu Nuwas wa karne ya 8, akageuka kuwa mjanja wa mitaani, akavuka bahari, akawa Mswahili kiasi kwamba wengi tuliosoma Hekaya za Abunuwasi shuleni hatukujua kama aliwahi kuandika hata beti moja. Ushairi wake ulimezwa na vituko vyake. Gado alikichukua kitu kisicho na mwenyewe, akakichora, na jina lake likakaa kwenye jalada. Ndunguru alifanya kinyume: alitunga kitu chake, kikaishia kuwa kisicho na mwenyewe. Tofauti yao kubwa haimo kwenye kipaji. Imo kwenye jalada. Mmoja alitoa kitabu, mwingine alichora kwenye gazeti, na sisi wapenzi wa fasihi tumezoea kuhesabu vitabu tu.

"Kwani kuna ubaya gani?"

Najua kuna msomaji anayeuliza hivyo sasa hivi. Ngano hazina mwenyewe na hazijapungukiwa kitu. Sungura na fisi wana umri kuliko mataifa yetu, wala hatujawahi kumtafuta aliyewatunga. Mwacheni Madenge awe wa watu wote.

Hoja hii ina nguvu, na kwa muda mrefu niliiona inatosha. Lakini angalia ngano inavyofanya kazi hasa. Kwetu, jioni, hadithi ya sungura ilisimuliwa na mtu. Kulikuwa na bibi mmoja wa kijiji chetu ambaye fisi wake alikuwa na kigugumizi, na hakuna mwingine aliyeweza kumfanya fisi agugumie vile. Watoto wa nyumba nyingine walikuja kwa ajili yake. Hadithi haikuwa yake, lakini usimulizi ulikuwa wake, na kila mtu alijua. Alipewa kigoda. Alipewa ndizi za kwanza. Msimulizi wa ngano hajawahi kuwa mtu asiyejulikana. Tunamwona, yuko pale, meno yake tunayajua.

Gazeti lilichukua uhuru wa ngano bila kuchukua kigoda. Mhusika akawa wa wote kama sungura, lakini msimulizi akafichwa nyuma ya mtambo wa kuchapa. Kwa hiyo siombi Madenge arudishwe kabatini. Naomba msimulizi apewe kigoda chake.

Sheria nayo iko upande huo. Tanzania ina Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, na ndani yake mna haki ya mtunzi kutambuliwa kwa kazi yake, mbali kabisa na suala la pesa. Hata kama umeuza, hata kama ulilipwa kwa ukurasa, wewe ndiye uliyechora. Haki hiyo haihitaji mahakama kila siku. Inahitaji mhariri anayeandika jina, na msomaji anayelisoma.

Madenge asiye na uso

Leo Madenge yuko kwenye simu. Ananifikia kwenye makundi karibu kila wiki: "Mwalimu: Madenge, kwa nini umechelewa?" Hakuna mchoro tena, ni maneno tu. Mhusika aliyezaliwa kwa wino amepoteza mwili kabisa, akawa sauti, kama sungura. Vijana wanaomtuma hawajui kama aliwahi kuwa na kichwa cha umbo fulani na kaptula. Safari imekamilika: kutoka ngano kwenda karatasi, na kutoka karatasi kurudi ngano.

Wakati huo huo kazi za wachoraji walio hai zinapita njia ile ile ya vitumbua, ila sasa kwa kasi zaidi. Katuni ya asubuhi inakatwa kwenye gazeti, mtu anaipunguza ukubwa, kona yenye sahihi inabaki nje, na kufikia jioni imeshaonwa na nchi nzima ikiwa haina mwenyewe. Masoud Kipanya ameepuka hilo kwa ujanja wa kipekee: alimweka panya ndani ya katuni zake, na jina la panya likawa jina lake. Ukimkata panya umekata kichekesho. Ni kama Tshibumba wa Lubumbashi, kuliweka jina pasipokatika. Lakini si kila mchoraji anaweza kufuga panya.

Sisi wasomaji tunaweza kufanya mambo madogo. Ukiandika kuhusu fasihi ya Kiswahili ya miaka ya 1980, andika na Philipo Ndunguru humo, katika orodha ile ile ya waandishi wa riwaya, maana alikuwa na wasomaji kuliko wengi wao. Ukiisambaza katuni, acha kona yake. Na kama una Sani za zamani kwenye sanduku la mzee, usiangalie vituko tu. Fungua ukurasa wa kwanza wa hadithi, ule ambao sisi wa Keza hatukuwahi kuuona, usome jina lililoandikwa pale. Kisha mtumie mtu.